Maji ya dobi: yatenganishe kwanza, kutibu kutafuata

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina sehemu ndogo ya kufulia nguo hapa Dodoma, mashine mbili za kufungua juu na moja ya matangi mawili. Kwa siku tunafua mizigo kama 15. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, siku nyingine nanunua ya boza, na faida yote inaishia kwenye maji. Mume wangu aliona video akatengeneza mapipa ya kuchuja: pipa la mchanga, pipa la mkaa, tunaweka shabu na klorini, kisha maji yanarudi kwenye mashine. Siku za kwanza yalitoka meupe kabisa. Wiki ya pili yakaanza kunuka kama mayai yaliyooza, mashuka ya wateja yakafubaa, na mteja mmoja kalalamika kuwashwa. Tumekosea wapi? Tuongeze mchanga au tuongeze dawa?"

Dada yangu, msiongeze kitu chochote kwanza, na mashine zirudi kwenye maji safi mpaka umalize kusoma hapa. Wazo la mume wako si baya, na vifaa alivyotengeneza tutavitumia. Kilichowaponza ni kwamba mmeyachanganya maji yote yanayotoka kwenye mashine, mkayaita machafu, halafu mkajaribu kuyasafisha yote yarudi kufua. Maji ya dobi ni ya aina tatu, na aina mbili kati ya hizo hazihitaji dawa hata punje.

Tupige hesabu. Mashine ya kufungua juu ya kilo 7 hujaza maji mara tatu kwa mzigo mmoja: kufua, suuzo la kwanza na suuzo la mwisho. Tuseme kila mjazo ni lita 45, basi mzigo unakula lita 135, na mizigo 15 inakula lita 2,025 kwa siku, yaani lita 675 za kila aina. Maji ya kufulia ndiyo yaliyobeba uchafu na sabuni. Nguo zikishakamuliwa hubaki na maji ya lita 6 hivi, na hayo ndiyo yanayovusha sabuni kwenda kwenye suuzo. Lita 6 ndani ya 45 ni asilimia 13. Kwa hiyo suuzo la kwanza lina karibu asilimia 13 tu ya uchafu na sabuni iliyokuwa kwenye maji ya kufulia. Suuzo la mwisho lina asilimia 13 ya hiyo 13, yaani haifiki 2. Maji hayo mnayachanganya na tope la kwanza, kisha mnahangaika kuyatenga tena kwa mchanga na shabu.

Sasa tuone kwa nini mapipa yaliwasaliti, maana usipolijua hilo utarudi kulekule.

Mchanga hushika kinachoelea ndani ya maji: nyuzi, udongo, mabonge. Haushiki kilichoyeyuka. Sabuni ya unga ina magadi, ina chumvi ya salfeti inayotumika kujazia, ina kiini kinachotoa povu, na ina rangi za kung'arisha. Vyote hivyo vimeyeyuka, hivyo hupita kwenye mchanga kama hakuna kitu njiani. Maji yakionekana meupe maana yake chembe zimetoka. Magadi na chumvi bado vimo, na kila mzunguko unaongeza vingine juu yake. Ukimwaga nusu ya maji na kurudisha nusu, chumvi itatulia kwenye kiwango mara mbili ya kawaida. Ukirudisha asilimia 80, itafika mara tano. Ukirudisha asilimia 90, mara kumi. Ninyi mlikuwa mnaongeza maji kidogo tu ya kufidia yaliyopotea, kwa hiyo kufikia wiki ya pili mashuka yalikuwa yanasuuzwa kwa maji yenye magadi mengi. Mteja wako kuwashwa si ajabu: nguo iliyokauka na magadi na mabaki ya sabuni huichokoza ngozi, hasa ya mtoto au mwenye pumu ya ngozi. Na maji ya visima vya huku kwa kawaida yana chokaa. Chokaa ikikutana na magadi hutengeneza unga mweupe unaong'ang'ania kwenye nyuzi, na shuka hukakamaa na kufubaa.

Mkaa wa jikoni nao si kaboni ya kuchujia maji. Kaboni ya kuchujia hutengenezwa kwa moto mkali sana, mara nyingi kutoka kwenye vifuu vya nazi, hadi ifunguke vijitundu visivyohesabika vya kunasa rangi na kiini cha sabuni. Mkaa wa jikoni unanasa kidogo mno, unachoka haraka, na unatoa vumbi jeusi. Vumbi hilo huenda nalo limechangia kuyafubaza mashuka. Litoeni hilo pipa.

Harufu ya mayai yaliyooza inatoka kwa bakteria. Maji ya dobi yana jasho, mafuta ya mwili na ngozi, chakula kizuri kwao. Yakilala kwenye pipa lililofunikwa, hewa iliyomo inaisha ndani ya siku moja, na kwa joto la Dodoma hata mapema zaidi. Hewa ikiisha, bakteria wanaoweza kuishi bila hewa huigeuza ile salfeti ya kwenye sabuni kuwa gesi inayonuka. Klorini haikuwasaidia kwa sababu uchafu uliomo huila klorini kabla haijawafikia bakteria. Mkiongeza dozi, mnachubua rangi za nguo za watu.

Shabu ndiyo sehemu iliyohitaji uangalifu zaidi, nayo nitaifikia. Kwanza tuokoe maji.

Utaratibu ni kuyapeleka maji kinyume na nguo. Maji safi yaingie mahali pamoja tu: suuzo la mwisho. Yakitoka hapo, yaende kwenye suuzo la kwanza la mzigo unaofuata. Yakitoka hapo, yakafue mzigo mwingine. Yakishafua, yatoke nje, hayarudi tena kwenye nguo. Viwanda vikubwa vya kufulia hufanya hivihivi kwenye mashine zao ndefu zenye vyumba vingi, nguo zikienda upande mmoja na maji upande mwingine. Chumvi haipati nafasi ya kujilimbikiza kwa sababu kila mzigo unamwaga maji yake mazito. Na nguo haziharibiki: mabaki kwenye suuzo la mwisho yanapanda kutoka chini kidogo ya asilimia 2 hadi kama 2. Mteja hawezi kuona tofauti hiyo. Kwenye karatasi utabaki unatumia theluthi moja ya maji. Kwa vitendo tarajia kuokoa kama nusu, kwa sababu kuna mizigo ambayo maji yake lazima yamwagwe, nitaitaja.

Unahitaji mapipa mawili safi ya lita 200 yenye vifuniko, moja la "suuzo la mwisho" na moja la "suuzo la kwanza", yaandikwe kwa rangi mtu yeyote aone. Pipa la tatu ni la maji ya kufulia. Mpira wa kutolea maji wa mashine unatundikwa kwenye pipa linalohusika, unahamishwa kwa mkono kila hatua. Pipa la kawaida lina urefu wa karibu sentimita 88, na hiyo inafaa, kwa kuwa mashine nyingi zenye pampu ya kutolea maji zinataka mwisho wa mpira uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiushusha chini, maji yatajivuta yenyewe na mashine haitajaa. Usiache ncha ya mpira izame ndani ya maji, yatarudi kwenye mashine. Kwenye ncha vika soksi ya nailoni ya kike, ifungwe kwa mpira wa manati. Hiyo inanasa nyuzi. Ikivimba ivue na uibadilishe, maana ikiziba, pampu ya mashine itaumia.

Kurudisha maji kwenye mashine ya matangi mawili ni kazi ya ndoo, haina utaalamu. Kwenye ya kufungua juu pia unaweza kumimina moja kwa moja kwenye dramu: mashine hupima kina cha maji, ikikuta yamefika inaanza kufua bila kufungua bomba. Ukitaka kwa pampu, funga koki ya matawi mawili nyuma ya mashine, tawi moja la maji safi na jingine la maji ya marudio. Pampu ndogo ya nusu hospawa inatosha. Kichujio kidogo cha waya kwenye mdomo wa kuingizia maji kisafishwe kila wiki.

Hapa nisisitize jambo moja. Tawi la maji safi litoke kwenye simtanki, kamwe lisiungwe moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji. Wakati wa mgao bomba likikauka linaweza kunyonya, na maji yako ya sabuni yakaingia kwenye bomba wanalokunywa majirani. Simtanki linalojazwa kutoka juu, mdomo wa bomba ukiwa umeachana na maji, linalizuia hilo. Valvu ya kuzuia maji kurudi peke yake si ulinzi wa kutosha, huwa inakwama na takataka.

Panga mizigo kwa siku: nyeupe asubuhi kwa maji safi, kisha za rangi hafifu, kisha nyeusi na jinzi, mwisho matambara. Hivyo rangi inayotoka haipandi kwenye nguo nyeupe. Jioni mapipa yote yamwagwe, yasuguliwe, yaachwe wazi yakauke. Hakuna maji ya kulala. Ukifuata hilo tu, harufu imekwisha bila dawa.

Mizigo ambayo maji yake hayarudi popote ni hii: nepi, nguo zenye damu, matapishi au kinyesi, nguo za wagonjwa, ovaroli za gereji zenye mafuta, na nguo mpya zinazochuja rangi, kama jinzi mpya au batiki inayofuliwa mara ya kwanza. Pia suuzo lililowekwa dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo ina chaji ya umeme kinyume na ya sabuni. Zikikutana hushikana na kuwa utando unaonata, sabuni inakufa nguvu na nguo zinapata madoa ya mafuta. Mteja akitaka nguo laini, suuzo lake la mwisho limwagwe.

Punguza na sabuni. Povu jingi halimaanishi usafi, na maji ya suuzo la kwanza tayari yana sabuni ndani. Anza kwa kupunguza robo ya kipimo chako kwenye mizigo ya nguo nyeusi, angalia matokeo kwa wiki, kisha jaribu nyingine.

Sasa yamebaki maji ya kufulia, lita 675 kwa siku. Haya ndiyo ya kutibu, na kwa kiwango cha biashara yako mimi ningeyatibu kwa ajili ya choo, kudeki, na kulowekea matambara. Kuyafikisha ubora wa kusuuzia shuka jeupe kunataka kaboni halisi au vichujio vya utando vyenye pampu za shinikizo, na gharama hiyo inaeleweka kwa hoteli kubwa au kiwanda kinachofua kwa tani. Kwako haitarudi.

Shabu inafanyaje kazi? Chembe za uchafu kwenye maji ya sabuni zina chaji hasi, na sabuni inaziongezea. Zinasukumana, kwa hiyo hazizami hata ukiziacha usiku kucha. Shabu ikiyeyuka inaivunja ile chaji, na inatengeneza mabonge laini, kama maziwa yaliyokatika, yanayokusanya uchafu na kuzama nao. Lakini mabonge hayo yanajitengeneza vizuri pH (kipimo cha uasidi au umagadi wa maji, 7 ikiwa katikati) ikiwa kati ya 6 na 7.5. Maji ya sabuni ya unga mara nyingi yana pH ya 9.5 hadi 11. Hapo alumini ya shabu inabaki imeyeyuka, inapita kwenye mchanga, inakwenda kujitengeneza kuwa bonge ndani ya mashine, kwenye nguo. Ninashuku ndivyo ilivyokuwa kwenu: mlikuwa mnaweka shabu, na sehemu yake ikiishia kwenye mashuka.

Kwa hiyo pima, usikisie. Nunua karatasi za kupimia pH. Twanga shabu, pima gramu 100, iyeyushe kwenye maji safi hadi ujazo utimie lita moja. Kila mililita ya maji hayo ina gramu 0.1 ya shabu. Chukua chupa tano za plastiki zinazoona ndani, kila moja weka lita moja ya maji ya kufulia. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka mililita 2 kwenye ya kwanza, kisha 4, 6, 8 na 10. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika 15, bila kutoa povu. Acha saa moja. Chagua chupa yenye maji angavu kwa dozi ndogo kuliko zote, na upime pH yake.

Kama mabonge ni madogo kama vumbi na pH bado iko juu ya 8, tatizo si uchache wa shabu. Rudia jaribio, safari hii ukitangulia kushusha pH kwa siki nyeupe, ambayo ni asidi hafifu (si asidi ya sitriki, ile ya unga ya jikoni, maana hiyo huishika alumini ya shabu na kuzuia mabonge), kidogokidogo hadi ifike kama 7.5, kisha ndipo uweke shabu, ambayo nayo itaishusha zaidi. Kama mabonge yanaelea, umekoroga hadi ukaingiza hewa, au kuna mafuta mengi. Yaenguliwe kwa juu. Kama maji yalikuwa yanakwenda vizuri kisha yakawa na ukungu ulipoongeza dozi, umezidisha, chaji imegeuka upande wa pili na chembe zinasukumana upya. Mafundi wa mabwawa ya kuogelea wanauza pia kloridi ya polialumini, inayovumilia pH pana zaidi kuliko shabu. Ukiipata kwa bei nzuri, ijaribu kwa chupa zilezile.

Kutoka chupa kwenda pipa ni rahisi: kila mililita moja kwenye chupa ni mililita 200 kwenye pipa la lita 200. Ikiwa chupa bora ilikuwa ya mililita 6, pipa linataka lita 1.2 za mchanganyiko, sawa na gramu 120 za shabu. Pipa hilo liwe na koki mbili, moja chini kabisa ya kutolea tope, nyingine sentimita 15 juu yake ya kutolea maji. Tarajia tope bichi la lita 15 hadi 30 kwa pipa. Limwage kwenye kitanda cha mchanga kilichoezekwa likauke, na likikauka liende na taka ngumu. Usilimwage mtaroni wala shambani.

Maji yaliyotulia yapite kwenye pipa lenu la mchanga, lijengwe upya: kokoto za ukubwa wa nusu inchi sentimita 10 chini, kokoto ndogo sentimita 5, kisha mchanga mkavu wa mtoni uliochekechwa, chembe za nusu hadi milimita moja, sentimita 50. Uoshwe hadi maji yatoke angavu kabla ya kuupanga, la sivyo utachuja kwa tope. Pipa hilo lina eneo la robo mita ya mraba. Lipitishe lita 250 kwa saa, yaani ndoo ya lita 20 ijae kwa dakika 5. Likienda kasi zaidi, bana koki. Likipungua hadi nusu ya kasi, kwangua sentimita 2 au 3 za juu, ukaoshe mchanga huo.

Klorini iwe ya mwisho, baada ya maji kuwa angavu. Kwa dawa ya maji yenye klorini asilimia 3.5, mililita 143 kwa lita 1,000 zinatoa miligramu 5 kwa lita. Kwa pipa la lita 200 ni mililita 29 hivi. Subiri nusu saa, pima kwa karatasi za mabwawa ya kuogelea. Ukisoma miligramu kati ya 0.5 na 1 kwa lita, vizuri. Ukisoma sifuri, bado kuna uchafu unaoila, rudi kwenye hatua ya shabu. Na tafadhali, asidi na klorini visikutane mkononi, ndooni wala kwenye pipa moja kwa wakati mmoja. Hutoa gesi inayochoma mapafu.

Utaniuliza kuhusu kumwagilia. Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi, na sodiamu huvunja udongo wa mfinyanzi ukaganda juu, maji yakawa hayaingii. Lita 675 kila siku kwenye ua mmoja zitaua ardhi hiyo. Ukibadili kwenda sabuni ya maji na ukazungusha sehemu za kumwagilia, miti ya kivuli na migomba huvumilia, maji yakimwagwa kwenye shimo lenye majani makavu karibu na shina. Mchicha na matembele hapana, hata ukichuja vipi. Maji yenye klorini nayo yasiende kwenye mimea.

Kuna mahali ambapo maandishi haya hayatoshi. Kama mna mkataba na zahanati au hospitali, nguo hizo zitengwe na umwite afisa afya kabla ya kufikiria marudio yoyote. Kama maji yanakwenda kwenye shimo la kufyonza na kuna kisima umbali wa chini ya mita 30, mwite fundi aje aone. Yanayotoka yasiende barabarani. Ulizia DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kama mtaa wenu unafikiwa na bomba la majitaka, na uwaulize wanataka nini kwa maji ya sabuni. Kabla ya kutumia maji yaliyotibiwa kwa kitu chochote zaidi ya choo, peleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, uombe pH, jumla ya chumvi zilizoyeyuka, tope, na vijidudu vya kinyesi. Chukua sampuli mbili, ya maji yanayoingia na ya yanayotoka, kwa sababu namba moja peke yake haikuambii mtambo unafanya kazi gani.

Mashuka yaliyokwisha kufubaa yaloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chakula kwa ndoo ya lita 20, kwa nusu saa, kisha suuza mara mbili kwa maji safi ya simtanki, bila klorini. Unga wa chokaa na alumini hutoka kwa namna hiyo. Kama kuna weusi wa vumbi la mkaa, utahitaji kufua upya mara mbili tatu kwa sabuni ya maji, na mwambie mteja ukweli kwamba huenda usitoke wote.